Deni si kosa la kasho: tumutafute wakili kabla ya konvokasio kufika

Wiki tatu zilizopita, saa moja ya asubuhi, simu yangu ililia wakati nilikuwa bado natayarisha habari. Ilikuwa sauti ya binti, labda wa miaka kumi na mine. Alisema maneno machache tu: « Papa wa radio, mama wamemufunga juu ya deni. »

Mama yake ninamjua kidogo. Alikimbia kutoka upande wa Kanyabayonga wakati M23 walipouchukua mji ule mwishoni mwa Juni 2024, akafika hapa Beni na watoto wanne na godoro moja, na hadi leo anaishi kwa familia iliyomupokea. Nilimuhoji mara moja kuhusu bei ya maharagwe. Ndiyo maana binti alikuwa na namba yangu. Na hilo ndilo jambo lililonisumbua siku nzima: mtu amefungwa, na namba ya kwanza ambayo familia inaijua ni ya mwandishi wa habari. Ya wakili hawana. Hawajui hata mahali pa kuiuliza.

Deni lenyewe lilikuwa hivi. Kabla ya vita kufika kwao alikuwa amechukua dola 300 kwenye shirika moja la mikopo, kwa biashara ya maharagwe na vikwembe. Alilipa dola 120, halafu risasi zikaanza. Duka likaporwa, yeye akashika njia. Karibu miaka miwili baadaye mtu wa shirika lile alimuona sokoni hapa mjini, akamsalimia vizuri, akamuuliza anakaa avenyi gani. Siku ya tatu polisi walifika na karatasi. Yeye anajua amebakiza dola 180. Karatasi ilisema 260.

Nilikwenda. OPJ alinipokea kwa heshima, akanionyesha alichoandika kwa Kifaransa: abus de confiance. Yaani kutumia vibaya uaminifu. Mimi si mwanasheria, nilisoma sekondari na kozi ya uandishi wa habari, nikabaki nimesimama pale na mikro yangu kama mtu aliyekuja shambani bila jembe. Saa tisa ya mchana familia ilikusanya dola 30 za « makaratasi », mama akatoka. Risiti hakuna. Deni likabaki palepale. Zile dola 30, kama zingeenda kwa mdai, angebakiza dola 150.

Ninaandika haya kwa sababu tangu siku ile nimeuliza kwenye avenyi tatu za kartie yangu na kwenye familia za waliokimbia ninazozifahamu, na karibu kila nyumba ina hadithi ya namna hii. Mmoja anadaiwa na kikundi cha akiba, mwingine ana deni la kodi ya nyumba. Mwingine alikopa kwa mtu wa Banki Lambert, wale wanaokupa dola 100 leo na kutaka 150 mwisho wa mwezi, na karata yako ya benki wanabaki nayo. Na karibu wote wanaamini kitu kimoja: kwamba mwenye deni akishindwa kulipa, polisi ana haki ya kumufunga.

Hapana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza alichoahidi katika mkataba. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 215, inaiweka mikataba hiyo juu ya sheria za kawaida. Deni ni jambo la madai, si la jinai. Mahali pake ni mahakama, mbele ya jaji mwenye karatasi za pande zote mbili mezani. Kasho ya polisi haihusiki.

Sasa kwa nini watu wanafungwa kila wiki? Kwa sababu mahakama inaenda polepole na kasho inaenda mbio. Mdai anajua kwamba ukimulaza mama ya watoto usiku mmoja chini ya saruji, ndugu watauza mbuzi. Basi deni linabatizwa jina jipya. Linaitwa abus de confiance au escroquerie, yaani utapeli, na likishapata jina hilo OPJ anaweza kulifungulia dosie. Hapa kwetu jambo limezidi kwa sababu tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, na watu wamezoea kupeleka kila ugomvi kwa mwenye silaha.

Hapa inabidi niseme ukweli mwingine, hata kama hautawafurahisha wote. Yale majina mawili si uongo kila mara. Ukikopeshwa pesa ufanye biashara yako na ukashindwa kurudisha, hilo ni deni. Lakini ukipewa dola 500 na mnunuzi wa kakao ili umununulie kakao yake huko Mbau, na wewe ukajengea nyumba, hizo hazikuwa pesa zako. Zilikuwa zake mkononi mwako kwa kazi moja, na hapo sheria ya jinai inaweza kuingia. Na mkulima aliyepokea pesa mbele kwa kakao iliyo bado mtini, kisha akashindwa kuvuna kwa sababu ADF wako katika shamba? Huyu hakula pesa ya mtu. Vita ndiyo ilifunga shamba. Lakini kwenye karatasi ya OPJ watu hawa wote watatu wanaweza kuandikwa neno lilelile. Anayejua kuwatenganisha, na kulisema kwa Kifaransa cha mahakama, ni wakili. Ndiyo sababu ninasema wakili si kitu cha matajiri wa hoteli.

Mimi mwenyewe nimelipia somo hili. Mwaka 2022 nilimuwekea sahihi mwenzangu mmoja kama mdhamini. Akahama mji, konvokasio ikaja kwangu. Nilikimbilia karibu na ofisi za mahakama, nikamukuta bwana mmoja wa koti na kravati, dosie chini ya mkono, kila mtu anamuita « Metre ». Aliniuliza shida yangu, akatikisa kichwa kwa huruma, akataka dola 50 za kufungua dosie. Nikampa pale pale, chini ya mti. Sikuuliza risiti kwa sababu niliona haya. Baada ya siku mbili simu yake haikupatikana tena. Baadaye grefie aliniambia, akicheka kidogo, kwamba bwana yule si wakili, wala si defanseri, ni mtu wa kuzunguka tu. Kila siku ninawaambia wasikilizaji wahakikishe habari kabla ya kuisambaza, lakini mimi sikuhakikisha mtu niliyempa dola 50.

Basi nieleze nilichojifunza baadaye, ili mwingine asilipie tena.

Sheria inayopanga kazi hii ni ya 28 Septemba 1979. Inawajua watu wa aina mbili wanaoweza kukusimamia kama kazi yao. Wa kwanza ni avoka, wakili aliyeandikwa kwenye orodha ya baraza la mawakili, na mkubwa wa baraza hilo anaitwa batonie. Kuna pia vijana walio bado katika majaribio, wanafanya kazi chini ya wakili mkubwa, nao ni wa halali. Wa pili ni defanseri judisieri, ambaye anasimama kwenye mahakama ya amani, ile tunaita Tripe, na kwenye mahakama kuu ya wilaya. Kwa deni dogo defanseri anaweza kukutosha kabisa, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Wote wawili wana karata. Omba kuiona. Wakili wa kweli hakasiriki ukimuomba karata, kama vile dokta hakasiriki ukimuuliza jina la dawa. Halafu nenda kwa grefie wa mahakama, ukatamke jina hilo, uulize kama wanamfahamu hapo. Kuuliza ni bure na kunachukua dakika tano. Mimi kwa kukosa dakika hizo tano nilipoteza dola 50.

Na bei? Hapo ndipo wengi wanakata tamaa kabla ya kuanza. Mama wa Kanyabayonga aliniambia: « Papa, kama ningekuwa na pesa ya wakili, si ningelipa deni? » Neno lake ni la haki. Lakini sheria ileile ya 1979 inataka baraza la mawakili lisaidie watu wasio na uwezo, kupitia ofisi ya mashauri ya bure, inayojulikana kwa herufi BCG. Si huruma ya mtu, ni wajibu ulioandikwa. Anayeitafuta aulize kwenye grefe ya mahakama au kwenye kabine yoyote ya wakili: BCG inapokea wapi, siku gani? Beba pia karatasi ya umaskini, attestation d'indigence, unayoomba kwa watu wa mambo ya jamii. Mtu aliyekimbia akiwa na watoto wanne na godoro moja hahitaji kueleza sana.

Kama unalipa, mambo mawili tu. Mupatane bei yote kabla ya kuanza, iandikwe, na kila unachotoa kipewe risiti. Na mukigombana juu ya pesa hiyo, malalamiko yanakwenda kwa batonie. Wengi hawajui kwamba wakili naye ana mkubwa wake.

Mtaniuliza, wakili atafanya nini wakati deni ni la kweli? Si ataongea tu? Nami nilidhani hivyo.

Kwanza atasoma karatasi. Sahihi yako iko wapi, riba ni kiasi gani, zile dola 80 zilizoongezeka juu ya deni la mama yule zimetoka wapi? Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, ya 30 Julai 1888, na inasema mkataba uliofanywa vizuri ni sheria kwa waliouweka. Hilo wadai wanalipenda. Lakini katika sheria hiyohiyo kiliongezwa baadaye kifungu kinachosema kwamba, kama mkopeshaji alitumia shida au ujinga wa mtu kujipatia riba iliyopita mpaka, jaji anaweza kuishusha hadi riba ya kawaida, mdaiwa akiomba. Akiomba! Watu wa Banki Lambert wanaishi kwa sababu hakuna anayeomba.

Pili, anaweza kutafuta muda. Tangu nchi yetu iingie OHADA mwaka 2012, tuna sheria ya pamoja na nchi nyingine za Afrika juu ya namna ya kudai madeni, na kifungu chake cha 39 kinamruhusu jaji kuangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kisha kusogeza malipo au kuyagawa vipande vipande, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Dola 180 kwa miezi kumi na miwili ni dola 15 kwa mwezi. Mama anayeuza makala anaweza kuzipata. Kwa kulala kasho hazipati.

Tatu, atakuambia karatasi gani ya kuogopa. Kuna karatasi ya kutisha tu, na kuna amri ya kulipa iliyotoka kwa jaji, inayoletwa na wisie. Hii ya pili usiiweke chini ya godoro. Ina siku chache za kuipinga, zimeandikwa humo ndani, na zikipita umeshindwa hata kama ulikuwa na haki. Nimeona watu wakikimbia konvokasio isiyo na nguvu na kuitumia karatasi ya wisie kufungia sabuni. Na mtu anayekuja na motari wawili kuchukua televisheni yako bila karatasi ya mahakama, huyo hakamati mali ya deni, anachukua tu. Piteni kwa chefu wa kartie, piga kelele, muite wakili.

Na kama umeshafungwa? Katiba, kifungu cha 18, inataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoijua, sababu ya kukamatwa, na polisi hawawezi kukushikilia zaidi ya saa 48 bila kukuachia au kukupeleka mbele ya mkubwa wa sheria. Kifungu cha 19 kinakupa haki ya kusaidiwa na mtetezi unayemchagua, tangu kule kwa OPJ. Usiweke sahihi kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hujasomewa. Wengi hutia sahihi kwamba wanadaiwa 260 wakati wanajua ni 180, ili watoke tu. Siku ya mahakama karatasi ile ndiyo inaongea, machozi hayasikiki tena.

Kuna deni lingine ambalo linavunja ndugu kuliko yote, nalo ni la vikundi. Katika AVEC na MUSO zetu akina mama wanaweka pesa pamoja na kukopeshana, na kwenye mashirika ya mikopo wanasimamiana watano watano. Vita ikapita. Mmoja yuko Beni, mmoja Butembo, mmoja alivuka Uganda, wawili walibaki. Shirika linamushika yule anayeonekana, linamudai deni la wote watano. Naye anawachukia wanne, anatuma sauti za matusi kwenye WhatsApp, urafiki wa miaka kumi unakufa. Hapa pia kabla ya matusi ningependa wakae na mtu wa sheria awasomee walichosaini: je, kila mmoja alidhamini deni lote au sehemu yake tu? Mara nyingi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisoma kikaratasi hicho.

Pia wale wenye akiba Goma, ambako benki zilifunga milango tangu mji ulipochukuliwa Januari 2025. Mtu ana pesa yake kule, haiwezi kutoka, na huku anadaiwa. Kama akiba na deni viko katika nyumba moja, hilo ni swali la kwanza la kumpelekea wakili. Mushike vitabu vyenu vya akiba, na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wa kila malipo msiufute. Simu ikijaa, futeni picha za harusi za watu.

Lakini ndugu zangu mliokimbia, mniruhusu. Vita haikufuta deni. Wapo wanaotumia jina la mkimbizi kama mwavuli, wanajenga Butembo na kusema wameporwa. Na mdai naye mara nyingi si tajiri: ni mama mwingine ambaye pesa yake ya karo ya watoto iko kwako. Kumutafuta wakili si kutafuta mlango wa nyuma. Wakili mzuri wa kwanza niliyemkuta, baada ya yule bwana wa chini ya mti, swali lake la kwanza lilikuwa: « Unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, bila kudanganya? » Ukimtumia mdai hata dola tano, na barua inayosema uko wapi na utalipa namna gani, umeshakuwa tofauti na mtapeli, na karatasi hiyo itakutetea mbele ya OPJ yeyote.

Kwa upande wa mawakili nina lawama. Mnakuja radioni siku ya mwaka wa mahakama mkiwa na magauni meusi, mnasema maneno mazuri, halafu hatuwaoni. Miradi ya msaada wa sheria ninayoifuatilia inapokea ubakaji na mashamba, na ni lazima ifanye hivyo. Lakini mama akifika na deni anaambiwa haliko katika mradi. Haliko kwa nani? Deni ndilo linalomulaza kasho. Saa mbili kila wiki, meza moja na viti viwili kwenye uwanja wa parokia au ofisi ya kartie, haziwezi kushinda baraza zima la mawakili.

Mama yule wa Kanyabayonga nilimpeleka kwa wakili kijana Ijumaa iliyofuata. Hakumtoza kitu siku ile. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa shirika, akiomba hesabu ya zile dola 80 na kupendekeza dola 15 kila mwezi. Jana walijibu: wanakubali 15, ya 80 watazungumza. Kipande cha kwanza amekilipa, risiti aliipiga picha, akanitumia.

Nami nimeomba grefe orodha ya mawakili na madefanseri wanaofanya kazi hapa mjini, pamoja na siku na mahali pa mashauri ya bure. Wameniambia nirudi Alhamisi. Nikiipata nitaisoma hewani jina kwa jina, baada ya habari za saa kumi na mbili ya jioni, na nitairudia Jumamosi kwa wale watakaokuwa shambani.